Mpishi hufundwa jikoni

Mafunzo ya vitendo ya hoteli ni yale yanayomtia mwanafunzi jikoni, ukumbini, vyumbani na mapokezi, akazifanya kazi zenyewe mbele ya mkufunzi, na kwa sehemu kubwa akamhudumia mgeni anayelipa. Darasa lipo, lakini linafuata nyuma ya kazi. Afrika Mashariki ni vigumu kupata mahali panapoonyesha thamani ya mafunzo haya kama kisiwa cha Unguja. Mwaka 2020, korona ilipositisha safari za ndege duniani, watalii walioingia Zanzibar hawakufika 300,000. Mwaka 2024 walizidi 700,000. Hoteli zinazowalaza ziko Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani na Kizimkazi, yaani ndani ya vijiji vya wavuvi, wasusi wa makuti na kina mama wa mwani.

Kijana wa kijiji anayepiga hodi kwenye hoteli iliyosimama palipokuwa na minazi ya babu yake mara nyingi hupewa kazi ya getini, bustanini au ya kufagia ufukwe. Jiko, mapokezi na usimamizi wa ukumbi huenda kwa watu wa Bara, wa Kenya na wa ng'ambo. Manung'uniko juu ya jambo hili ni ya siku nyingi, na upendeleo katika kuajiri upo, hakuna haja ya kuuficha. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni ya kawaida kabisa: hoteli inayopokea wageni wa Krismasi vyumba vikiwa vimeshalipiwa humchukua mtu wa kuanza kazi leo. Asiyewahi kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja hatafundishwa usiku huo.

Ufundishaji wa kazi hizi katika shule maalumu hauna umri mkubwa. Shule ya hoteli ya Lausanne, Uswisi, inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani, ilifunguliwa mwaka 1893. Miaka hiyohiyo Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeongoza jiko la hoteli ya Savoy jijini London, aliwapanga wapishi wake katika vitengo: wa michuzi, wa samaki, wa nyama za kuchoma, wa mboga, wa vyakula baridi, wa keki. Mpangilio huo ndio unaotumika hadi leo katika hoteli kubwa za Kiwengwa na kambi za Serengeti, na wenyewe ni aina ya shule. Kijana huanza kwa kumenya na kuosha, kisha huhamishwa kitengo hadi kitengo, na kila aliye juu yake ni mwalimu wake hata kama hana cheti cha ualimu.

Kenya ilikwenda kujifunza kwa Waswisi wenyewe. Chuo cha Utalii cha Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, kikapewa na hoteli yake, Utalii Hotel, ili mwanafunzi asihitimu kabla ya kumtandikia mgeni kitanda na kumpelekea chai. Sehemu ya fedha za kukiendesha imekuwa ikitoka kwenye tozo ya asilimia 2 ya mapato ya hoteli na migahawa, maana yake sekta inajilipia mafunzo yake. Nusu karne ya utaratibu huo ndiyo inayomfanya Mkenya aonekane mara kwa mara kwenye meza za mapokezi za Zanzibar. Amefika akiwa ameshazoezwa. Tanzania Bara ina Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, pamoja na chuo cha hoteli na utalii cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kilichoko Njiro, Arusha. Zanzibar mafunzo ya juu yako Maruhubi chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Ufundi uko chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Na Jambiani kuna taasisi ya mafunzo ya utalii iliyo kijijini kwenyewe, kwa hiyo msichana wa pwani ya kusini mashariki hahitaji kupanga chumba mjini ili asome.

Jikoni ndiko tofauti kati ya kusoma na kutenda inakoonekana haraka. Mwanafunzi wa Unguja haingii huko mikono mitupu. Anajua kukuna nazi, kulitenga tui la kwanza na la pili, kulikoroga tui zito bila kuacha mpaka lichemke ili lisikatike, na kuutoa wali kabla haujawa bokoboko. Anajua pilipili manga na hiliki zinaingia wakati gani. Wapishi wengi wanaokuja kutoka ng'ambo huchukua muda mrefu kupata yote hayo, na wengine hawayapati. Ambacho nyumbani hakukumpa ni kipimo. Mama hutia chumvi kwa kitanga cha mkono na maji kwa jicho, na chakula hutoka kitamu kwa sababu anayepima ni mtu yuleyule, kwenye sufuria ileile. Hotelini mpishi wa Jumatatu siye wa Ijumaa. Mgeni aliyekula mchuzi wa kamba juzi akaurudia leo anadai ladha aliyoiacha, na mpishi aliyeupika juzi yuko likizo Pemba. Dawa yake ni karatasi ya mapishi yenye gramu na mililita, na mizani juu ya meza.

Wanafunzi wengi huiona mizani kuwa dharau mpaka Ramadhani ifike. Mpishi aliyefunga hawezi kuchota mchuzi akanywa ili ajue kama chumvi imekolea. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi na kutema, wapo wanaomwomba mwenzao asiyefunga. Lakini jiko linalohudumia mamia ya sahani kwa siku haliwezi kutegemea ulimi wa mtu mmoja mwezi mzima, na hapo karatasi yenye gramu huacha kuwa mambo ya kigeni.

Kipimo hichohicho ndicho mlango wa hesabu, na hesabu ndiyo inayomtenga mpishi na mpishi mkuu. Mfano mzuri ni pweza wa nazi. Pweza akichemshwa hupungua sana, na si ajabu kilo 2 za pweza mbichi zikabaki kilo 1. Tuseme kilo moja sokoni ni shilingi 12,000. Kilo 2 ni shilingi 24,000. Mwanafunzi anayepanga gramu 200 kwa sahani na kupiga hesabu kwa uzito wa pweza mbichi ataona amepata sahani 10, kila moja shilingi 2,400. Sufuria ikifunuliwa zinatoka sahani 5, na pweza peke yake amefika shilingi 4,800 kwa sahani, kabla ya nazi, kitunguu thaumu, ndimu na gesi. Hesabu hii ikiandikwa ubaoni darasa zima huitikia na kuisahau. Mwanafunzi aliyempima pweza mwenyewe kabla ya kumchemsha, akampima tena baada ya kumwepua, akaona mshale wa mizani umesimama nusu, hahitaji kukumbushwa. Vivyo hivyo kwa samaki mzima: changu akishaparuliwa magamba, akatolewa matumbo, kichwa na mifupa, minofu inayobaki huweza kuwa chini ya nusu ya uzito alionunuliwa nao, na mpishi aliyefundishwa vizuri hatupi kichwa wala mifupa, huvichemsha kupata supu ya kuanzia michuzi ya kesho yake.

Kisu nacho kina shule yake. Kukishika kwa kidole gumba na cha shahada vikibana mwanzo wa bapa, kuvikunja vidole vya mkono wa pili ili ncha zisiwe mbele ya makali, kuikata karoti vipande vya milimita 3 vinavyolingana ili viive pamoja: hakuna maelezo yanayoweza kuuzoesha mkono. Kinachouzoesha ni magunia ya vitunguu. Mkufunzi anayejua kazi yake hasimami mbele ya darasa, husimama kando ya bega la mwanafunzi na kuusogeza mkono wake.

Usafi wa chakula ndio mahali ambapo mazoea ya nyumbani na ya hoteli hugongana waziwazi. Kiporo cha wali ni kifungua kinywa kinachopendwa pwani nzima. Hotelini kiporo hichohicho kinaweza kuleta balaa. Mchele hubeba vijidudu vinavyoitwa *Bacillus cereus*, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa; wali ukiachwa sufuriani kwenye joto la kawaida vijidudu huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto upya. Kanuni ni kwamba chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, eneo ambalo vijidudu hustawi. Pilau iliyobaki baada ya bafe ya mchana, ikiamuliwa kuhifadhiwa, hutandazwa kwenye trei pana, kina kifupi, ishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili na kufika nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria kubwa lililofunikwa likasukumwa kwenye jokofu hubaki na joto katikati kwa saa nyingi. Mwanafunzi huamini hilo anapochomeka kipimajoto katikati ya sufuria la namna hiyo asubuhi.

Jambo jingine ni kuonja. Wapishi wa pwani huonja kwa kudondoshea mchuzi kiganjani na kuulamba, kisha mkono huohuo ukarudi kwenye mwiko. Hotelini ni kijiko safi kila mara, na kijiko kilichoonjewa hakirudi. Mikono huoshwa kwa sabuni si chini ya sekunde 20. Katika majiko mengi vibao vya kukatia hutengwa kwa rangi, chekundu cha nyama mbichi, cha buluu cha samaki, cha kijani cha mboga. Orodha hiyo hukaririwa kwa dakika kumi. Kuitii saa mbili usiku, oda kumi na nne zimebandikwa ukutani na mpishi mkuu anapaza sauti, ni suala la mkono uliozoea. Kwa sababu hiyo mgahawa wa mafunzo wenye wateja wa kweli hauna mbadala. Jiko la chuo lisilo na mteja hufundisha mapishi tu, kwa kuwa halimweki mwanafunzi kwenye hali ya kuharakishwa.

Ukumbini tatizo ni la namna nyingine. Kijana aliyelelewa kwa adabu za Kiswahili hamkatalii mgeni. Mgeni akimuuliza kwa Kiingereza cha haraka kama mchuzi una karanga, na yeye hakulidaka swali sawasawa, jibu linalomtoka ni ndiyo, tena kwa tabasamu. Na swali likigeuzwa, kama mchuzi hauna karanga, bado ni ndiyo. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga jibu hilo linaweza kumfikisha hospitali. Mafunzo mazuri huifundisha lugha ndani ya kazi: majina ya vyakula vinavyodhuru watu, kama karanga, ufuta, kamba, maziwa na ngano, pamoja na namna ya kumwambia mgeni kwa heshima kwamba swali linapelekwa jikoni kwanza. Zoezi hurudiwa, wanafunzi wakipokezana kuwa mgeni mkorofi, mpaka kusema "ngoja niulize" kusionekane utovu wa adabu. Ukarimu wenyewe hauhitaji kufundishwa Jambiani, unahitaji tu kuonyeshwa unakoishia.

Kazi za vyumbani huchukuliwa kuwa rahisi, na ndiyo maana zinafundishwa vibaya. Mgeni anaondoka asubuhi, mwingine anaingia mchana, na kati yao mhudumu mmoja ana vyumba kumi au zaidi. Anayeanza na vumbi kabla ya kuvua shuka atafuta mara mbili. Utaratibu ni kufungua madirisha, kutoa shuka na foronya, kuingia bafuni, kutandika, kufuta vumbi kutoka juu kwenda chini, na kufagia kutoka mwisho wa chumba kuelekea mlangoni. Kitambaa cha choo hakigusi glasi. Godoro hunyanyuliwa kwa magoti, mgongo ukiwa umenyooka, la sivyo mtu wa miaka 30 ataacha kazi kwa maumivu.

Chuo kisicho na hoteli yake hutegemea kuwapeleka wanafunzi fildi, na huko ndiko mafunzo mengi ya vitendo yanakofia. Hoteli nyingi humpokea mwanafunzi kama kibarua wa bure. Miezi mitatu hupita akimenya viazi na kusugua masufuria, kisha kitabu chake cha mafunzo hutiwa saini siku moja, kurasa zote, na msimamizi asiyemkumbuka jina. Mwanafunzi hurudi chuoni na alama nzuri na mikono ileile.

Uanagenzi ulikusudiwa kuziba ufa huo. Mwanagenzi ana mkataba na hoteli, ana posho, ana mkufunzi anayejulikana ndani ya hoteli, na anazungushwa vitengoni kwa ratiba huku vipindi vya chuo vikiendelea. Tanzania ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi mwaka 2017, na Shirika la Kazi Duniani lilisaidia kuanzisha uanagenzi katika kazi za hoteli kwa kuviunganisha vyuo na hoteli zenyewe. Ugumu wake ni kwamba hoteli inapaswa kumtoa mpishi mzuri afundishe, na mpishi anayefundisha anapika kidogo. Wenye hoteli ndogo za vyumba kumi hulalamikia hilo, na malalamiko yao yana haki. Wakubwa hawana kisingizio.

Upo pia upande wa waliokwishajifunza bila chuo. Mama lishe aliyelisha mafundi wa ujenzi miaka kumi, au stewadi aliyeingia jikoni mpishi alipougua na hakutoka tena, ana ujuzi lakini hana karatasi. VETA ina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na wapishi na wahudumu wa chakula wamo. Mwombaji hupimwa akifanya kazi, pengo likionekana hufundishwa sehemu hiyo tu, kisha hupewa cheti. Kwa mfanyakazi mwenyeji, hasa mwanamke asiyeweza kuacha watoto na kukaa bweni, njia hii ni ya maana kuliko kuanzishwa upya mwaka wa kwanza pamoja na waliomaliza shule juzi.

Bara sheria nayo imeligusa jambo hili. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aliyeajiri mgeni awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji ujuzi wa mgeni huyo, na kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kisha huweza kuongezwa. Kazi si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria zake na vibali vyake, ingawa shabaha inafanana. Kwa mpishi mkuu wa kigeni urithishaji hauwezi kuwa barua kwenye faili. Humaanisha kuwapo msaidizi mwenyeji anayeandika naye menyu, anayekwenda naye kupokea samaki alfajiri, anayekaa naye kwenye hesabu za mwisho wa mwezi na anayeachiwa jiko siku nzima mkuu akiwapo lakini amenyamaza. Hili la mwisho wakuu wachache hulivumilia.

Faida ya kumfikisha mwenyeji hapo haiishii kwenye mshahara wake. Mpishi wa Matemwe anajua kolekole na jodari wanapatikana msimu gani, anajua mvuvi yupi huleta samaki wakiwa na barafu, na shelisheli, muhogo na mchicha havimtishi. Akishika menyu, fedha iliyokuwa ikinunua mboga za kusafirishwa kutoka mbali huanza kushuka kijijini. Hoteli nayo hupata mtu ambaye hahami msimu ukiisha, kwa sababu nyumba yake ipo.

Vikwazo vinavyobaki viko nje ya jiko. Wazazi wengi wa shamba huiogopa kazi ya hoteli kwa binti yao, kwa ajili ya pombe, mavazi na saa za usiku. Hofu ya pombe hupungua mzazi anapoelezwa kwamba jikoni, vyumbani na kwenye uokaji mikate si lazima binti aishike chupa, na hupungua zaidi akikaribishwa chuoni akayaona majiko mwenyewe. Hofu ya usiku ina msingi: zamu ya jioni huisha wakati daladala zimeshalala, na hoteli isiyo na gari la kuwarudisha wafanyakazi huwapoteza wanawake iliowafundisha kwa gharama.

Kuhusu wakati, kalenda ya kisiwa yenyewe imetoa nafasi. Kuanzia Aprili hadi Mei, masika yakipamba moto, hoteli nyingi za Unguja hufunga au hubaki na wageni wachache, na wapishi wakuu huwa na muda wa kusimama kando ya bega la mtu. Visu, vipimo, usafi na utandikaji vinaweza kufundishwa majuma hayo, kwenye majiko yaliyo tupu na vyumba visivyo na mtu. Wageni hurudi Juni, na mwanafunzi aliyeanza wakati wa mvua huingizwa kwenye zamu za kweli, kwanza za chakula cha asubuhi, ambazo makosa yake hurekebishika, kisha za mchana, na za usiku mwisho.